Wagagai kwa siku nne na shanta la kilo 19: je, tunaweza?

Swali: "Mzee, habari za Mbale. Mimi ni muuguzi, naishi Jinja. Tuko wasichana watatu na kila Jumamosi tunakimbia kilomita kumi. Mwezi wa kwanza tuna likizo ya siku nne. Tunataka kupanda Elgon kutokea Budadiri, tufike kilele cha Wagagai, kisha tuteremkie upande wa Sipi, kila mtu na shanta lake, bila mpagazi, kwa sababu pesa ni kidogo. Ili kuokoa siku tumepanga kuipita kambi ya kwanza na kwenda kulala moja kwa moja pango la Mude. Nimepima shanta langu kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 19, na orodha ya vilivyomo nimekuandikia. Mimi mwenyewe nina kilo 58. Je, tunaweza? Na nimwambie nini mama, ambaye hataki hata kusikia?"

Jibu:

Binti yangu, miguu yenu inaweza. Hilo nalisema mapema ili tusipoteze muda nalo. Elgon, au Masaba kama Wagisu wanavyouita kwa jina la baba yao wa kwanza, si mlima wa kamba na shoka. Hauna barafu ya kudumu hata kipande. Ni volkeno ya zamani iliyokaa kitako. Upana wake chini unafika kilomita 80 hivi, na ndiyo maana mtu anaweza kutembea juu yake siku tano bila kurudia njia. Mnatembea, mnakula, mnalala, mnatembea tena. Lakini barua yako ina mambo mawili yaliyonifanya niweke kikombe cha chai chini: kuiruka kambi ya kwanza, na hizo kilo 19. Mama nitamfikia mwishoni.

Tuanze na kambi. Budadiri iko kwenye mita 1,250 hivi. Kambi ya Mto Sasa, 2,900. Pango la Mude, 3,500. Wagagai, 4,321. Mkimbiaji akiziona namba hizo anaona vilima tu. Wewe zisome kama muuguzi. Pale kileleni kila pumzi inakupa oksijeni kama asilimia 60 ya ile ambayo ungeipata ufukweni Mombasa. Mwili unajua la kufanya: unapumua haraka zaidi, na figo zinaanza kutoa bikaboneti kwenye mkojo ili damu iuzoee upumuaji huo mpya. Ila figo zako hazikimbii kilomita kumi kila Jumamosi. Kazi yao hiyo huchukua siku, si saa, na hakuna mazoezi ya kuiharakisha.

Ndiyo maana watu wa milima hawahesabu walipofika mchana, wanahesabu walipolala. Kanuni ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Sasa hadi Mude ni 600, kwa hiyo hata ratiba ya kawaida inaipinda kanuni kidogo, na wengi wanavumilia. Kutoka Jinja, mnakolala kwenye mita 1,100 na kitu, hadi Mude ni karibu mita 2,400 kwa usiku mmoja. Huko si kupinda tena.

Na usiniambie mna pumzi. Wenye pumzi ndio ninaowahofia, kwa sababu wanafika mapema mahali ambapo miili yao haijafika. Kuna mwaka tulikuta vijana wanne pale Mude, wachezaji wa mpira, waliotoka Budadiri alfajiri na kufika jioni wakiimba. Saa tano usiku mmoja wao alikuwa amekaa mlangoni mwa hema ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi asiotaka umwagike. Alitapika chai, akatapika maji, kisha akawa hana cha kutapika na bado anatapika. Askari wa hifadhi hakubishana na mtu. Tulimvalisha, tukawasha tochi, tukaanza kuteremka naye saa saba usiku, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kulipokaribia kupambazuka tulikuwa tumeingia kwenye mianzi juu ya kambi ya Sasa, na yule kijana akauliza kama kuna mtu ana mkate. Hatukumpa dawa ya ajabu. Tulimteremsha tu.

Dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko unazijua, zinafanana na uchovu wa baada ya sherehe: kichwa kuuma, chakula kutopendeza, kizunguzungu, usingizi wa kukatikakatika. Mara nyingi hutokea saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika juu, ndiyo maana mtu hula vizuri jioni akaumwa usiku. Kichwa kikiuma, mkubaliane tangu nyumbani kwamba hakuna kupanda tena mpaka kipone. Kikizidi, mnashuka. Mambo mawili hayangoji asubuhi. La kwanza ni mtu anayeyumba: mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama polisi anavyompima mlevi, akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. La pili ni mtu anayehema akiwa amekaa tu, hasa kama ana kikohozi. Hapo maji yameingia mapafuni. Wote wawili wanateremshwa saa hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni saa nane usiku. Dawa iitwayo asetazolamaidi inasaidia kuzuia ugonjwa huu, na daktari wenu anaweza kuwaandikia. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie kabla. Mjue pia kwamba itawachoma vidole kama sindano na kuwatoa nje ya hema kukojoa mara nyingi kuliko mnavyotaka. Lakini mtu asiinywe ili apate ruhusa ya kukimbia.

Kwa hiyo ratiba yangu ni hii, na sitaipunguza. Mkipata siku nne tu, pandeni njia ya Sasa na mrudi kwa njia hiyohiyo ya Sasa. Sipi mtaiona siku nyingine, iko kando ya barabara ya lami na haikimbii. Mkibadilishana zamu kazini mkapata siku ya tano, hapo mnaweza kuvuka na kushukia upande wa pili. Usiku mmoja kabla ya yote, laleni Budadiri au Mbale. Msitoke Jinja na teksi ya alfajiri, mkabanwa saa nne kwenye barabara ya Tirinyi, halafu mkaanza kupanda saa saba mchana jua likiwa utosini.

Kwa safari ya kuvuka, ya siku tano, kuna watu wazima na akili zao watakaokwambia mgeuze: muanzie Sipi, au Kapkwata kwa njia ya Piswa ambayo huanzia juu zaidi, kisha mteremkie Sasa. Hoja yao ina uzito. Upande ule unapanda polepole, kichwa kinapata muda. Mimi bado nachagua kupanda kwa Sasa, na sababu ni magoti. Njia ya Sasa ndiyo fupi na ndiyo kali. Siku ya kwanza peke yake inapanda zaidi ya mita 1,600. Ukali huo ukiupanda unachoka. Ukiuteremka siku ya mwisho, na miguu ya siku nne, kwenye udongo mwekundu uliolowa, unaanguka. Nimeona watu wengi wakifika Budadiri wakitembea kinyumenyume kwa sababu mapaja yamegoma. Afadhali kuchoka. Ila uchaguzi huu una gharama yake: siku ngumu kuliko zote mnaikabili na shanta likiwa limejaa chakula cha safari nzima. Ndipo tunafika kwenye kilo 19.

Kilo 19 kwa mtu wa kilo 58 ni theluthi ya mwili wako. Kwa safari ya siku kadhaa mtu asiyezoea abebe kama moja ya tano, yaani kwako kilo 12 hivi. Nimeipitia orodha yako na kalamu nyekundu, samahani.

Sigiri na mfuko wa makaa, kilo nne: toa. Najua, chai ya sigiri ni tamu. Kuna siku nilikuwa chini ya ngazi za genge la Mudangi, kwenye njia ya Sasa, nikamwona bwana mmoja amefunga sigiri nyuma ya begi kwa kamba ya katani, na kila alipoinua mguu ile sigiri ilimgonga kiunoni, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Alipofika katikati ya ngazi kamba ikalegea. Sigiri ilishuka peke yake, na sote tuliokuwa chini tuligundua tunaweza kuruka. Azimeni jiko dogo la gesi, moja kwa watu watatu.

Maharage makavu, kilo moja na nusu: toa, na hili si suala la uzito tu. Kwenye mita 3,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Yatatokota mbele yako kwa furaha, lakini maharage yatabaki mawe mpaka gesi iishe. Wali nao huchelewa. Badala yake chukueni dengu nyekundu zilizopasuliwa, unga wa posho, mukene (dagaa) waliokaushwa vizuri, njugu za kusaga, shayiri ya uji, sukari, majani ya chai. Siku ya kwanza kuleni chapati na mayai ya kuchemsha, vitu vinavyoharibika. Gramu 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku zinatosha, na mkubali kwamba juu ya Mude hamu itapungua. Hapo ndipo kitu kitamu kinapookoa jahazi. Budadiri mkipata malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wagisu huyapika na njugu, kuleni kabla ya kupanda. Hayo ni ya kupikwa na mtu anayejua, si ya kujifunzia pangoni.

Jerikeni ya maji ya lita tano: lita tano ni kilo tano. Bebeni lita mbili kila mtu. Maji yapo njiani na kambini. Jina lenyewe la kambi ya kwanza ni la mto. (Na msishangae mkimsikia askari akisema "tunaenda Sasa" halafu mkatembea saa saba. Sasa ni jina la mto, haina haraka yoyote.) Maji ya mto chemsheni, au mtie vidonge vya klorini na kusubiri nusu saa. Maji yakiwa baridi sana, subirini zaidi.

Jinzi mbili: acha zote. Jinzi iliyolowa mlimani haikauki, inakuwa bomba la maji ulilolivaa. Mahema matatu kwa watu watatu: hema moja la watatu, na mgawane, mmoja turubai, mmoja vyuma, mmoja jiko na sufuria. Mnapoazima hema, lisimamisheni uani kwenu kwanza, kila kigingi. Mimi niliwahi kukodi hema mahali fulani, nikalifungua jioni mvua ikianza, nikakuta ndani vyuma vya hema jingine. Tulilala watu wazima wawili tumejifunika turubai kama nyanya za sokoni.

Sasa nikurudishie baadhi ya kilo nilizokunyang'anya, kwa sababu orodha yako ina blanketi moja na sweta moja. Hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Jinja hadi Wagagai ni mita 3,200 hivi, yaani nyuzi kama 20 chini ya mlizozoea. Mchana wa Jinja wenye nyuzi 28 unakuwa nane kileleni, kabla hujaongeza upepo. Usiku pale Mude maji ya kwenye bakuli huweza kuganda, na asubuhi nyasi ni nyeupe. Mnahitaji mfuko wa kulalia wa baridi, godoro jembamba la povu (ardhi ndiyo mwizi mkubwa wa joto, kuliko hewa), jaketi nzito, kofia ya sufu, glovu na koti la mvua lenye suruali yake. Msinunue dukani. Nendeni kwenye mivumba (mitumba), Jinja penyewe au Owino kule Kampala, mtafute zile jaketi laini za manyoya ya plastiki ambazo watu wa Ulaya huzitupa zikiwa nzima. Epukeni pamba kwa nguo za kugusana na ngozi. Pamba hushika jasho na kukugandisha ukisimama.

Nguo za kulalia ni wakfu. Seti moja kavu, soksi pamoja, ndani ya kavera ya plastiki iliyofungwa, haivaliwi kwa sababu yoyote isipokuwa kulala. Asubuhi utavaa tena zile mbichi za jana na utanitukana kwa dakika kumi. Ukianza kutembea zitapata joto. Ukizivaa zile kavu kisha mvua ikakupiga, huna tena kitu. Jioni mkichemsha maji ya chai, jazeni na chupa moja ngumu, mfunge vizuri, mwingie nayo kwenye mfuko, miguuni. Asubuhi ndiyo maji yenu ya kunywa.

Kupanga shanta nako ni ufundi. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, si chini kabisa wala mbali nyuma. Vyepesi kama mfuko wa kulalia viende chini. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, ufungwe kwanza, ndipo mikanda ya mabegani ivutwe kidogo tu. Jaribu hivi: ukiwa umevaa, ingiza vidole viwili kati ya mkanda wa bega na bega lako. Vikiingia kwa raha, nyonga ndizo zinabeba. Visipoingia, mabega ndiyo yanabeba, na saa nne asubuhi shingo itakuwa imekuambia. Jumamosi tatu zijazo acheni kukimbia. Vaeni mashanta hayo na kilo 12 za mchanga, mpande na kushuka ngazi za jengo lolote refu kwa saa mbili. Kushuka ndiko kunakohitaji mazoezi, na ndiko watu wote wanakusahau.

Viatu: kwenye Rwenzori ningekwambia gambuti, kwa sababu kule kuna matope ya kufika magotini. Elgon mwezi wa kwanza buti lenye kushika kifundo linatosha, ila lazima liwe limevaliwa angalau wiki tatu. Mahali penye joto mguuni ni taarifa. Simama hapohapo, vua, bandika plasta kabla lengelenge halijatokea. Ukisema "tutaangalia kambini", kambini kutakuwa na lengelenge. Wewe muuguzi utakuwa na aibu zaidi kuliko wenzako.

Baada ya hapo utakuwa kwenye kilo 12 au 13. Sasa mpagazi. Mnasema pesa ni kidogo, nawaelewa. Lakini mpagazi mmoja kwa watu watatu, gharama mkigawana kwa tatu, atachukua kilo nne tano kutoka kwa kila mmoja wenu siku ile ya ngazi. Mashauri yangu: mchukueni mmoja, safari nzima kama mnaweza, au mkubaliane mapema arudi kutoka Sasa kama hamwezi. Wengi wao ni wakulima wa kahawa wa vijiji vya Budadiri; wanaijua njia kama ua wa nyumba yao, na kuna mengi mtakayoyasikia kwao ambayo hakuna ramani inayoyasema. Kabla ya kuondoka muulize ana nini cha kuvaa usiku na atakula nini. Akikujibu kwa kucheka tu, jua hana jaketi. Ongezeni moja la mivumba, si bei kubwa.

Askari wa hifadhi si hiari. Hiyo ni hifadhi ya taifa na hakuna kupanda bila kiongozi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na bila kulipa ofisini kwao, Mbale au Budadiri. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana wana Afrika Mashariki wana bei yao na wageni wa mbali wana yao. Lipeni ofisini, chukueni risiti. Mtu wa stendi anayewaambia ana njia ya mkato ya bei nafuu mwacheni na njia yake.

Siku ya kwanza mtaanza kwenye mashamba ya kahawa na migomba, watoto wakiwafuata na salamu. Mkifika genge la Mudangi mtaona ngazi zimeegemezwa kwenye mwamba. Si ndefu za kutisha, ila zina unyevu, na shanta linakuvuta nyuma. Fimbo za kutembelea zifungwe kwenye shanta kwanza, hakuna kitu cha kuning'inia, mtu mmoja kwa ngazi moja, na anayesubiri asisimame chini ya ngazi. Mikono ishikilie vyuma vya pembeni, macho yaangalie kipago kinachofuata tu. Juu ya hapo mnaingia msituni kwenye mbega weupe kwa weusi, kisha mianzi. Mianzi ina giza lake na ukimya wake, mtasikia shina kwa shina likigonga upepo ukipita. Mkiona mto, mmefika.

Siku ya pili ni fupi, saa nne au tano hadi Mude, na kazi yenu ni kuifanya isiwe fupi zaidi. Tembeeni mwendo ambao mnaweza kusimulia hadithi bila kukata sentensi. Mkifika mapema, wekeni vitu, kunyweni chai, kisha mpande mita 150 au 200 juu ya pango bila mizigo, mkae nusu saa, mrudi kulala. Huko ndiko kupanda juu na kulala chini, na mtashukuru usiku.

Siku ya kilele ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi mwezi wa kwanza anga huwa safi, lakini baada ya adhuhuri mawingu yanapanda kutoka mabondeni, na mvua ya mawe juu ya tuta lisilo na mti hata mmoja haina mahali pa kujificha. Mtapita kando ya ziwa dogo linaloitwa bwawa la Jackson, Mwingereza aliyekatisha mlima huu mwaka 1890, na kwenye lobelia na senesio zenye urefu wa mtu na zaidi. Simameni kwenye senesio moja. Ile koti ya majani makavu iliyolizunguka shina si uchafu. Mti hauyaachi majani yake yaliyokufa, unayavaa, ili shina lisigande usiku. Ingiza mkono ndani yake asubuhi hiyo ya baridi, utaelewa kwa nini nakusumbua na jaketi. Kutoka Wagagai mnachungulia kaldera yote, yaani bakuli kubwa la volkeno, na ng'ambo ni Kenya. Kuna chemchemi za maji moto chini kule, upande wa korongo la Suam. Msishawishike, zinataka siku yao. Rudini Mude, safari nzima ya siku hiyo ni saa nane au tisa.

Mkipata siku tano, ya nne ni ndefu, ya kushuka kidogokidogo kuelekea kambi za upande wa Sipi, Kajeri na pango la Tutum, na ya tano mnatokea Kapkwai. Hapo hakuna la kuwaonya isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo kwenye mteremko hugonga mbele ya buti. Kazeni kamba za juu ya kifundo na kucha ziwe zimekatwa siku tatu kabla ya safari, si usiku ule. Upande huo ni wa Wasebei, na Kiswahili chenu kitawafaa, kwa sababu ya biashara na Kenya. Takataka zote teremkeni nazo. Choo kichimbwe shimo la kina cha shubiri moja, hatua mia kutoka kwenye maji.

Mwezi mliouchagua ni mzuri. Kwa wengine watakaosoma: msije Aprili na Mei, miezi ya mvua. Miteremko hii ndiyo iliyoporomoka Bududa mwezi wa tatu mwaka 2010 ikafunika vijiji, na udongo wake haujabadilika. Na Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili Mbale yote huwa kwenye imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu. Ni jambo la kuonwa, ila chumba cha kulala mtakitafuta.

Mama. Usimwambie hakuna hatari, atajua unamdanganya, na wewe ndiye uliyesoma aya ya kichwa na mapafu. Chukua karatasi, mwandikie kwa herufi kubwa: mnalala wapi usiku wa kwanza hadi wa nne, majina yenu watatu, namba ya ofisi ya hifadhi mtakayopewa Budadiri, na jina la askari anayewaongoza. Mwambie simu inashika kwenye baadhi ya matuta na inapotea mapangoni, kwa hiyo ukimya wa siku mbili si habari. Kisha mpe saa. Tuseme mnatoka Kapkwai Ijumaa mchana, mna boda hadi Sipi, mna chakula, mna kuchelewa. Mwandikie: "Nitakupigia Ijumaa kabla ya saa mbili usiku. Kabla ya hapo usimpigie mtu. Ikifika saa mbili sijapiga, piga ofisi ya hifadhi." Na simu ya kumpigia hiyo Ijumaa, izime tangu Budadiri na uilaze ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi hunyonya betri.